Bi si mke wa mtu: tunavyolipunguza neno la heshima

WASOMAJI wawili wa safu hii wameniletea swali moja kwa njia mbili tofauti. Wa kwanza, mwalimu mstaafu wa Runyenjes, anashangaa kwa nini magazeti ya Kiswahili humwita gavana wake "Bi Mbarire". Anasema kwao bibi ni mke wa mtu. "Sasa huyu ni bibi ya nani," anauliza, "na hilo linahusu nini kazi tuliyompa?" Wa pili ni mfanyabiashara wa Maua, kaunti ya Meru. Lalamiko lake ni kinyume. Kila mtu humwita "mama", kuanzia kondakta wa matatu hadi karani wa benki. Yeye angependa kuitwa "Bi", ila akijitambulisha hivyo watu humcheka na kumwambia anajifanya msichana mdogo.

Kwa masikio ya Runyenjes, basi, Bi ni mwanamke aliyeolewa. Kwa masikio ya Maua, Bi ni mwanamke ambaye hajaolewa. Neno moja haliwezi kuwa na maana mbili zinazopingana hivyo katika safari ya saa chache kwa gari, isipokuwa kama wanaolisikia wametia ndani yake jambo ambalo halimo. Nami nashikilia kwamba halimo. Bi ni neno la heshima lisiloulizia ndoa ya mwanamke wala uzazi wake, na thamani yake yote iko hapo. Sisi watu wa bara, nikiwatazama hasa wenzangu wa Meru na Embu, ndio tunaolinyang'anya thamani hiyo.

Maswali haya yamekuja wakati wake. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 Wakenya walichagua magavana saba wanawake. Kaunti hizi mbili za upande wa mashariki wa Mlima Kenya zote zilikuwamo: Embu ilimchagua Cecily Mbarire na Meru ikamchagua Kawira Mwangaza. Bi Mwangaza ameshatoka madarakani baada ya kuondolewa na Seneti, na siasa hizo si za safu hii. Linalotuhusu ni kwamba kwa mara ya kwanza wazee wa baraza, watangazaji wa redio na waandishi wa habari wa maeneo haya walilazimika kila siku kumtaja mwanamke mwenye mamlaka kuliko wote waliokuwa mbele yake. Wengine walisema "Mama", wengine "Madam", wengine "Bi". Kila mmoja alidhani anatoa heshima ileile. Hebu tuone kama ni kweli.

Tuanze na neno lenyewe. Bi ni kifupi cha bibi, ingawa wako wanaolihusisha pia na binti. Bibi ni neno lililosafiri katika Bahari ya Hindi. Limo katika Kiajemi na katika lugha za Bara Hindi, ambako hadi leo huambatana na majina ya wanawake kama ishara ya staha. Lilipofika pwani yetu lilitulia katika maana mbili kubwa: mwanamke mwenye hadhi, yaani mwenye nyumba na mwenye amri, na nyanya, mzazi wa mzazi. Kamusi ya Ludwig Krapf iliyochapishwa 1882 inazitambua maana hizi. Ukitafakari utaona ni maana moja iliyotanuka. Nyanya ni bibi kwa sababu ndiye mkubwa wa nyumba.

Ndiyo maana Mtanzania akisikia mzee wa Kianjokoma akisema "nimemwacha bibi yangu shambani anavuna kahawa", humwonea huruma bikizee wa watu. Mzee anamzungumzia mkewe. Na ndiyo maana mwanafunzi wa Kenya akisoma kwamba Bibi Titi Mohamed aliongoza kitengo cha wanawake cha chama cha TANU mwaka 1955, humwona kikongwe mwenye mkongojo. Bibi Titi alizaliwa 1926. Hakuwa amefika hata miaka thelathini. Aliitwa Bibi kwa sababu alikuwa mtu wa kuheshimiwa, basi. Wajukuu hawakuingia katika hesabu hiyo.

Huko huko Tanzania ofisa wa kilimo mwanamume aliitwa bwana shamba na mwenzake wa kike akaitwa bibi shamba. Kulikuwa pia na bibi maendeleo. Hapo bibi ni mtaalamu aliyetumwa na serikali, mwenye kalamu na daftari, anayewaambia wakulima wapande nini na lini. Hakuna aliyemuuliza bibi shamba ni bibi ya nani.

Bibi halikuwa peke yake. Pwani ya kaskazini, Lamu na Pate, cheo cha mwanamke wa ukoo mkubwa kilikuwa Mwana. Mtunzi wa utenzi mashuhuri wa mwaka 1858, ambao aliuelekeza kwa binti yake, tunamjua kama Mwana Kupona binti Mshamu. Mumewe, mtawala wa Siyu, tunamjua kama Bwana Mataka. Bwana kwa mume, Mwana kwa mke, na vyeo vyote viwili vinatangulia jina kwa uzito uleule. Katika miaka yangu thelathini na zaidi ya kufundisha fasihi, nimesahihisha insha nyingi zinazomweleza Mwana Kupona kama "mtoto aitwaye Kupona". Siwalaumu wanafunzi sana. Cheo hicho kimekufa katika usemi wa kila siku, kikabaki kimejificha ndani ya majina kama Mwanaisha, Mwanajuma na Mwanahamisi. Ila wanafunzi hao hao hawajawahi kuniandikia kwamba Bwana Mataka alikuwa mume wa mtu aitwaye Mataka.

Unguja nako kulikuwa na Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi au mwanamke mtukufu. Mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hebu lisome tena jina hilo. Kufikia 1928, aliposafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri, dunia ilikuwa inamwita Siti. Kati ya Mtumwa na Siti kuna umbali ambao hauwezi kupimwa kwa maili. Nataja kisa hiki pia kwa ajili ya uadilifu, maana maneno haya ya heshima hayakuzaliwa katika jamii ya usawa. Bibi wa zamani alikuwa bibi kwa sababu palikuwa na watu wa kumtumikia, na wengi wao walikuwa watumwa. Jambo la ajabu ni jinsi neno lilivyotoka mikononi mwa wachache likawafikia wengi. Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, hakuwa mke wa tajiri wala binti wa sultani. Alikuwa mpiga ngoma na mwimbaji. Ulimwengu ulimjua kama Bi Kidude.

Sasa tupande bara. Utawala wa Kiingereza uliingia Embu 1906 na Meru 1908. Kiswahili kilichofuata nyuma yake kilikuwa cha askari, karani, mpishi na msimamizi wa shamba. Kilikuwa Kiswahili cha kutoa amri na kupokea amri. Katika Kiswahili hicho mwanamke wa Kizungu alikuwa memsaab. Neno bibi, ambalo pwani lingekuwa lake kwa haki, likaachiwa mwanamke Mwafrika, na zaidi kama mke wa mfanyakazi: bibi ya mpishi, bibi ya askari. Cheo kikashuka kikawa uhusiano. Bibi wa pwani alikuwa bibi kwa nafsi yake, lakini wa bara alikuwa bibi ya mtu. Hata sarufi ilishuhudia. Neno lililozoea kutangulia jina la mwenyewe likazoea kufuatwa na jina la mwanamume.

Mwalimu wangu wa Runyenjes amerithi bibi huyo wa pili, na ndiyo sababu anasumbuka. Lakini namwomba asimame kidogo atazame upande wa pili wa sarafu. Bwana nalo lina maana ya mume. Kuanzia Embu mjini hadi Timau wanawake husema "bwana yangu yuko Nairobi". Hata hivyo akisoma gazetini "Bw Njeru amesema", mwalimu hajiulizi Njeru ni bwana ya nani. Bwana limebeba mume, mheshimiwa, mwenye mali, hata Mwenyezi Mungu katika Biblia ya Kiswahili, na halijapungukiwa na chochote. Bibi limebeba mke na nyanya, likazama. Maneno haya mawili yalianza safari pamoja yakiwa na mzigo sawa. Tofauti imeletwa na masikio yetu.

Jambo hili halikutokea kwetu tu. Mwanaisimu wa Marekani Robin Lakoff, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu lugha na nafasi ya mwanamke, alionyesha jinsi jozi ya Kiingereza ya "master" na "mistress" ilivyoachana njiani. La kiume lilibaki na maana ya umahiri na mamlaka. La kike likaishia kuwa hawara. Kwa hiyo tusijione kwamba sisi ni wabaya kuliko wengine. Tujue tu kwamba neno la kike lisipolindwa huteremka, na anayeliteremsha ni mzungumzaji, siku baada ya siku, bila kukusudia.

Nigeukie sasa lalamiko la Maua, ambalo kwangu mimi ndilo zito zaidi.

"Mama" ni neno tamu. Sina ugomvi nalo. Katika tamaduni zetu kumwita mtu kwa jina la mtoto wake ni heshima ya kweli. Waembu, kama Wakikuyu, husema "nyina wa" fulani, na ni njia ya kumwambia mwanamke kwamba ameacha alama duniani. Huko Giriama, shujaa wa upinzani wa 1913 alizaliwa akiitwa Mnyazi wa Menza, lakini historia inamjua kama Mekatilili, yaani mama yake Katilili. Mwenye kuudharau utaratibu huo hajaelewa alichokuwa akiambiwa.

Hata hivyo zipo hoja mbili za kuzingatia. Ya kwanza ni ya lugha. Watu hunieleza kwamba "mama" ni heshima ya Kiafrika iliyotoka kwa mababu, na kwamba "Bi" ni ugeni wa Waswahili. Katika Kikuyu, lugha ya ukoo mmoja na Kiembu na Kimeru, mama ni mjomba! Ni ndugu wa kiume wa mzazi wa kike. Mzazi mwenyewe ni maitu. "Mama" tunayemrushia kila mwanamke sokoni Gakoromone amekuja na Kiswahili kilekile kilichotuletea Bi. Kama ni ugeni, wote ni wageni.

Hoja ya pili ni ya uzito wa mambo. Heshima ya asili hapa haikugawiwa kila mwanamke mzima kama tunavyogawa "mama" leo. Ilikuwa na ngazi, na kila ngazi ilimwuliza mwanamke swali kuhusu mwili wake. Katika Kimeru, mukenye ni msichana ambaye bado hajavuka, na mwekuru ni mwanamke aliyevuka, mke. Kati ya maneno hayo mawili palikuwa na kisu. Aprili 1956 baraza la Njuri Ncheke lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Kilichofuata kimesimuliwa kwa kina na mwanahistoria Lynn Thomas katika kitabu chake cha 2003 kuhusu siasa za uzazi nchini Kenya. Wasichana wa Meru walikataa marufuku hiyo, wakaenda vichakani na nyembe wakatahiriana wenyewe kwa wenyewe. Wakapewa jina la Ngaitana, yaani nitajitahiri. Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuvunja amri hiyo.

Sababu za wasichana wale zilikuwa nyingi, na ghadhabu dhidi ya ukoloni ilikuwamo. Lakini mtu wa lugha hawezi kupita pale asisikie na sababu ya maneno. Msichana wa umri wa kuolewa aliyebaki mukenye hakuwa na jina la utu uzima la kuitwa. Alikuwa tayari kumwaga damu ili aitwe vingine. Leo sheria ya 2011 inaharamisha tendo hilo, na shukrani kwa wote walioipigania. Lakini kisu kikiondoka na swali likabaki, bado hatujamaliza kazi. Mwanamke akihitaji kuonyesha cheti cha ndoa au mtoto mgongoni ndipo apate neno la heshima, tumebadilisha tu aina ya ushahidi tunaomdai.

Kuna siku nilisimama kwenye foleni ya ofisi moja ya umma katika sehemu hizi za mlima. Mbele yangu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, nadhifu, na bahasha ya karatasi kwapani. Karani, kijana mwenye adabu nzuri tu, alimuuliza bila kuinua macho:

"Wewe ni mama nani?"

"Sina mtoto," alijibu.

"Pole. Basi, bibi ya nani?"

"Sijaolewa."

Kijana akainua macho sasa. Kalamu ilikuwa imesimama hewani. Foleni nzima ilikuwa inasikia. Yule mwanamke akafungua bahasha, akatoa kitambulisho, akakiweka juu ya meza taratibu. "Jina langu limeandikwa hapo," alisema. "Liko kamili."

Karani hakuwa na ubaya. Alikuwa akitafuta neno la heshima. Akapekua kapu lake akakuta maneno mawili tu, moja linahitaji mtoto na jingine linahitaji mume. Kiswahili kina neno la tatu, na lina silabi moja. Hakuna aliyemfundisha. "Karibu, Bi. Nipe kitambulisho chako." Ingetosha, na foleni isingejua lolote la nyumbani kwa mtu.

Mfikirie pia mjane anayeitwa kwa jina la mwana aliyemzika mwaka jana. Mfikirie mwalimu wa kike wa miaka arubaini na mitano ambaye wanakijiji hawajui wamwite nani, kwa hiyo wanamwita "madam" mpaka na kanisani. Mfikirie msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye mtoto ambaye hakumpanga, anayeitwa "mama" kwenye kliniki kwa sauti ambayo kila mtu anajua si ya heshima. Neno moja, "mama", linaweza kuwa taji kwa mmoja na kidole cha lawama kwa mwingine, kwa sababu ndani yake lina habari. Bi halina habari. Ni kama mlango uliofungwa kwa upole.

Mataifa mengine yamehangaika sana kupata mlango kama huo. Waingereza na Wamarekani walikuwa na "Miss" na "Mrs", na maneno yote mawili yanatokana na "mistress" yule yule wa Lakoff. Kwa miongo mingi mwanamke hakuweza kuandikiwa barua kabla haijajulikana kama ameolewa. "Ms" lilipendekezwa gazetini Marekani mapema mwaka 1901, lakini The New York Times lilikubali kulitumia 1986. Ujerumani Magharibi iliondoa "Fräulein" katika shughuli za serikali mwaka 1972. Ufaransa ilisubiri hadi 2012 kuondoa "Mademoiselle" katika fomu za serikali. Wenzetu waliandamana, wakaandika waraka juu ya waraka, wakachekwa. Sisi neno tulikuwa nalo. Bi Kidude na msichana anayeanza kazi leo wanaitwa kwa silabi ile ile, na hakuna kamati iliyokaa.

Najua nitaambiwa kwamba Bi ni baridi. Kweli, ni baridi kidogo. Mzee wa Siakago hatamwambia jirani yake wa miaka arubaini "habari ya asubuhi, Bi Ruguru" huku wakichota maji kisima kimoja. Atamwita kwa jina la kifungua mimba wake na jirani atafurahi. Wala simshauri mtu yeyote aache kumwita mzazi wake mama, au amwite nyanya yake Bi Fulani. Nyumbani na kisimani watu wanajuana. Heshima ya wanaojuana hutumia habari, na haina haja ya kuificha. Lakini ofisini, mahakamani, kwenye kliniki, benki, barazani kwa chifu na katika ukurasa wa gazeti hatujuani. Huko ubaridi kidogo ni fadhila. Bwana nalo ni baridi, na wanaume hawajalalamika.

Wengine watasema kwamba viongozi wenyewe hupenda kuitwa Mama. Ni kweli pia. Jirani zetu wamezoea kusema "Mama Samia", na hapa kwetu mwakilishi wa wanawake bungeni hujiita "Mama Kaunti" kwenye mabango yake mwenyewe. Mwanasiasa ana haki ya kuchagua jina la kuombea kura. Ila tutazame orodha. Jomo Kenyatta aliitwa Mzee, kwa umri wake. Julius Nyerere aliitwa Mwalimu, kwa kazi yake. Raila Odinga aliitwa Baba, na hakuna aliyedhani anahesabiwa watoto. Wanaume wamekuwa na umri, kazi na uzazi wa kuchagua. Kiongozi wa kike hupewa uzazi, akiukosa hana pa kushika. Heshima isiyokuwa na chaguo la pili ni nusu heshima.

Kwa hiyo, kwa mwalimu wangu wa Runyenjes: "Bi Mbarire" ni sahihi, na ni sahihi kwa kipimo kile kile kinachofanya "Bw" liwe sahihi kwa mtangulizi wake. Bi si mke wa mtu yeyote. Unachopaswa kudai ni usawa wa matumizi. Gazeti likimtaja mwanamume kwa cheo, "Gavana Fulani", limtaje na mwanamke vivyo hivyo. Likirudi kwenye "Bw" kwa mmoja, lirudi kwenye "Bi" kwa mwingine. Ukiona habari moja ambamo mwanamume ni "Gavana" tangu mwanzo hadi mwisho, na mwanamke ni "Mama" kuanzia aya ya pili, hapo andika barua kwa mhariri. Nitakusaidia kuipiga msasa.

Kwa mwenzangu wa Maua: hujifanyi msichana. Bi halina umri. Wanaokucheka wamechanganya Bi na binti, na hata binti pwani halikuwa neno la umri. Lilikuwa kiungo cha nasaba, kama katika Siti binti Saad, na mtu alibaki nalo hadi kaburini. Endelea kujitambulisha hivyo. Liandike kwenye risiti zako na kwenye kibao cha duka. Neno hurudi mahali pake kwa kutumiwa na wenye haki nalo.

Na kwa walimu wa Kiswahili wa shule za Meru na Embu, ombi moja. Mnapofundisha msamiati wa nasaba, mkafika kwenye bibi, msiandike ubaoni "bibi = mke" mkapita. Andikeni maana zote tatu: mwanamke wa heshima, nyanya, mke. Ya kwanza iwe ya kwanza. Kisha mwambieni kila mtoto darasani amtaje mwanamke mmoja mzima anayemjua, kwa jina lake mwenyewe, akitanguliza Bi. Wengi, nawahakikishia, watagundua kwamba hawalijui jina. Wanajua ni mama nani na ni bibi ya nani. Waende nyumbani wakaulize.